Tambuu, Kuberi na Saumu Yetu (Ramadhani, siku ya 12)



Wazee wangu, mama zangu na vijana. Maneno yanayotoka kinywani tumeshayasema sana mwezi huu. Leo tuangalie kinachoingia.

Hapa Bariadi zipo familia zenye asili ya pwani ambazo bado zina tambuu nyumbani: jani, popoo, chokaa, katu, na wengine huongeza tumbaku. Vijana wetu wa bodaboda wao wana kuberi na ugoro. Majina mbalimbali, lakini mlango ni mmoja.

Swali linakuja kila mwaka: "Sheikh, mimi naweka tu chini ya mdomo, simezi. Saumu yangu ipo?" Ndugu yangu, maji yake yanachanganyika na mate na kushuka kooni. Hapo saumu imeharibika. Usijidanganye.

Tuwe wakweli pia. Wengi hawakuanza kwa kupenda ladha. Huyu alipewa harusini, akaona kukataa ni kumvunjia heshima mwenyeji. Yule anaendesha lori la pamba usiku, anafukuza usingizi, na ni kweli popoo inachangamsha. Mwingine aliambiwa inakata njaa. Mwingine ni kijiwe tu: wote wanatafuna, atakaaje mdomo mtupu? Kwa hiyo kumsema mtu peke yake hakutoshi. Tabia hii inaishi kwenye kundi.

Angalieni hata lugha yetu. Zamani huko pwani neno "uraibu" lilitaja vile vitu vyenyewe vya kutafuna, tambuu na popoo yake. Leo uraibu ni kutawaliwa na kitu mpaka huwezi kukiacha. Wazee waliotumia neno hilo walijua wanachokisema.

Na madhara yapo. Mwaka 2004 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka popoo katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na tambuu pia, hata ile isiyotiwa tumbaku. Kwa hiyo anayesema "mimi sitii tumbaku" bado hajasalimika. Kuna wanaofikia hatua ya kushindwa kufungua mdomo vizuri, hata tonge la ugali ni kazi. Ukiona kidonda mdomoni kimepita wiki mbili hakiponi, au doa jeupe au jekundu, nenda hospitali. Usisubiri mpaka safari iwe ya Bugando.

Allah katika Suratul Baqara ametukataza kujitupa kwenye maangamizi kwa mikono yetu wenyewe. Na mkono unaokunja tambuu ni wako.

Sasa habari njema. Kuanzia alfajiri mpaka magharibi, saa 13 na zaidi, umekaa bila. Nani kasema huwezi? Umeshaweza siku 11! Mtihani uko kati ya futari na tarawehe, pale unaporudi kwenye benchi lile lile na watu wale wale. Basi leo badilisha benchi. Ukishafuturu njoo msikitini mapema, na mswaki wako mfukoni. Ni sunna, na kinywa kinapata shughuli.

Na sisi wengine tusaidie. Mwenye harusi baada ya Idi, kwenye sinia weka tende, iliki na karafuu. Heshima ya mgeni haitapungua. Kijiweni, mwenzako akisema ameacha, usimcheke wala usimwonjeshe. Na baba, tafadhali, usimtume mtoto dukani akakununulie. Leo anabeba, kesho anaonja.

Kazi ya leo: chagua mtu mmoja unayetafuna naye, mwambie, "Usiku huu tusiguse." Wawili ni rahisi kuliko mmoja.

Ewe Mola wetu, tusafishie vinywa vyetu na nyoyo zetu, uwape nguvu wanaotaka kuacha, na uwaponye wagonjwa wetu. Aamin.

Tukutane kesho in shaa Allah. Mtumie na jirani.