Haki ya Sauti ya Marehemu

Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari huko Mombasa, akiwa na umri wa miaka 34. Morogoro, mji ulio chini ya milima ya Uluguru, ulipotewa na mwimbaji na mpiga gita ambaye mfano wake haujapatikana. Baadaye zilitolewa Kenya santuri za mfululizo ulioitwa Ukumbusho, nazo zilikusanya nyimbo kama alivyoziacha. Siku hizi ukumbusho waweza kufanywa kwa namna nyingine. Mitambo ya elektroniki yaweza kuitenga sauti ya mwimbaji na ala zilizoandamana nayo, ikaikata, ikairefusha, ikaivika mdundo mgeni. Na watu wasiopata kuonana naye wakashirikiana kutunga kazi mpya kwa jina lake. Je, hiyo ni heshima au ni unyang'anyi?

Wako wasemao kuwa mtambo ni najisi. Hoja hiyo ni dhaifu. Gita la Mbaraka lenyewe lilikuwa la umeme, na mwaka 1970 yeye na Morogoro Jazz walikwenda kupiga muziki Osaka, Japani, katika Maonyesho ya Dunia. Umeme uliokuwa halali mkononi mwake hauwezi kuwa haramu kwa wamliliao.

Hoja yenye uzito ni ya ridhaa. Hukwe Zawose, bingwa wa muziki wa Kigogo aliyeishi Bagamoyo, alitoa albamu ya Assembly mwaka 2002 pamoja na Michael Brook, Mkanada mjuzi wa mitambo. Zawose alikuwa hai, aliweza kukataa. Alifariki Desemba 2003. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa albamu yao, Maisha, ambamo elektroniki imetiwa pia, lakini waimbaji ni wao wenyewe. Urithi wa mzee uliendelezwa pasipo kumtia maneno kinywani.

Yamkini itajibiwa kuwa warithi waweza kuridhia kwa niaba ya marehemu. Ni kweli, Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 iliilinda kazi ya mtunzi kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Walakini sauti ya Mbaraka haikuwa peke yake. Katika Morogoro Jazz, na katika Super Volcano aliyoianzisha mwaka 1973, gita la pili lilisokota, saksafoni zikajibu, waitikiaji wakapokea. Mtambo umtoapo humo huwaacha nyuma wenzake, na aghalabu majina yao hayajulikani na wasikilizaji. Ridhaa ya warithi wa mmoja haiwafikii hao, wala wao hawana wa kuwasemea. Hapo dhuluma huingia kwa mlango wa mapenzi, bila ya mtu kuikusudia. Atakaye kumtukuza Mbaraka kwa mitambo angeanza kwa kwenda Morogoro kuyatafuta majina ya wale waliompokea wimbo.