Mtihani hauishii getini

Ukuta mrefu humzuia mwizi, hauuzuii mtihani. Nchini Rwanda mtihani wa taifa humkabili mwanafunzi mara tatu, mwisho wa shule ya msingi, mwaka wa tatu wa sekondari na mwaka wa sita, na kila mara matokeo ndiyo huamua ataendelea wapi. Katika nyumba za kifahari za Gisenyi, ambako Ziwa Kivu huonekana kutoka dirisha la chumba cha kusomea na muhula waweza kwisha mtoto hajateremka ufukweni, mzigo huo huongezwa uzito na ada kubwa iliyokwisha kulipwa, mwalimu wa jioni, na masomo ya Kiingereza kwa mtoto anayeota kwa Kinyarwanda. Akilalamika, huambiwa hakosi kitu. Jibu hilo linamwonea, tena sana, kwa sababu anavyovikosa haviuzwi dukani: saa moja isiyo na ratiba, ruhusa ya kufeli somo moja bila nyumba nzima kununa, na mzazi anayemuuliza ameshindaje kabla ya kumuuliza amepata ngapi.