HUZUNI YA KIJANA SI UPUNGUFU WA IMANI

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad na ahli zake na sahaba zake. Ama baad:

Enyi ndugu Waislamu! Hutokea kijana wa miaka 20 na kitu, aliyekwisha kuhitimu Kurani, mwenye nguvu za kazi, akashikwa na huzuni isiyomtoka. Usiku halali, chakula hakishuki, barazani haonekani; na akija msikitini hukaa safu ya nyuma, asisemeshe mtu. Hapo jirani husema ni mvivu, mwengine husema amepagawa, na babake humwambia: "Huna imani."

Na itazamwe habari ya Nabii Yaakub (a.s.). Alipopotelewa na Yusuf alihuzunika hata macho yake yakafanya weupe, wala Mwenyezi Mungu hakumvua unabii kwa huzuni ile. Waliomlaumu ni wanawe, nao ndio waliomtupa Yusuf kisimani. Basi baba anayemkemea mwanawe mwenye huzuni na ajiulize yuko upande gani: wa Yaakub, au wa wale wanawe?

Wala jambo hili si geni kwa wanavyuoni. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria, alieleza ya kuwa nafsi huugua kama mwili uuguavyo. Akaigawa huzuni mafungu mawili: yenye sababu ijulikanayo, kama kufiwa; na isiyojulikana sababu yake, itokanayo na mwili, nayo hutaka dawa ya mwili. Na katika Minhaji, Imamu Nawawi ametaja kuwa ni sunna mgonjwa kujitibu, na ni makruhi kumlazimisha dawa.

Basi yampasa baba mambo matatu. Kwanza, akae na mwanawe faraghani, amsikilize asimkatize. Pili, asimfiche wala asimfunge kamba. Amwongoze kwa upole mpaka kwa tabibu wa maradhi hayo, na kisomo na dua viandamane na dawa, visishindane nayo. Tatu, akimsikia ataja kujiua, asidharau. Asimwache peke yake, na amfikishe hospitali siku ile ile.

Mtume (s.a.w.) mwenyewe alikuwa akiomba kinga kwa Mola wake na hamu na huzuni, na huombewa kinga lile liwezalo kumfika mwanadamu. Mwenyezi Mungu awaponye vijana wa Kiislamu, na awatie wazee wao huruma. Amin.