Mti Ulioanguka Majini: Ni Juu ya Nani Kuuondoa?

Katika darasa yetu ya baada ya Isha liliulizwa suala ambalo kwa juu juu ni dogo, hata baadhi ya waliohudhuria walicheka. Mti wa mtu umeanguka baharini, ukaziba njia ya vyombo. Je, ni juu ya nani kuuondoa? Na akidhurika mtu kwa mti huo, ni juu ya nani kumlipa? Aliyeuliza hakucheka. Tukamtaka aeleze, naye akaeleza kisa ambacho wengi wetu tulikuwa tukikijua, na baadhi yetu, nikiwamo mimi mwandishi, tulikuwa na sehemu ndani yake.

Hori ambamo kisa hiki kilitokea sitaitaja, asije akajulikana mtu kwa ubaya. Yatosha kusema kuwa palikuwa na mwembe mkubwa ukingoni, uliopandwa na babu wa mwenye shamba. Maji ya mvua yaliula udongo wa ukingo mwaka baada ya mwaka, mti ukainama. Majirani walimwambia mwenyewe masika mawili, naye akajibu kuwa umesimama tangu enzi ya babu yake. Masika ya tatu, usiku wa mvua na upepo, ukaanguka. Ulilala kukata shingo ya hori, nusu ya mizizi imeshika ukingo na matawi yamezama matopeni, basi maji hayakuweza kuuchukua.

Mwezi wa kwanza haukumdhuru mtu, kwani majani yake yalionekana toka mbali na manahodha wakapita kando. Kisha watu wakaanza kuujia na mapanga. Kila mmoja alikata tawi lililomfaa kwa kuni, akaliacha shina. Baada ya miezi miwili hapakuwa na tawi lililosalia juu ya maji. Maji yakipwa shina lilionekana. Yakijaa, vyombo vilipita juu yake salama. Lakini wakati wa nusu maji lilikuwa shibiri moja chini, halionekani wala halipitiki.

Maneno yalikuwa mengi. Mwenye shamba alisema kuwa si yeye aliyeuangusha, ni kudra ya Mwenyezi Mungu. Baadhi ya watu walisema kuwa mti ule una mwenyewe, wala hawakumkusudia mwenye shamba. Pakapelekwa chano chenye ubani na marashi, kikawekwa juu ya mizizi, na aliyekipeleka alikuwa mtu aswaliye safu ya mbele. Wengine waliandika barua kwa afisi moja, wakangoja jibu ambalo halikuja. Wengine waliogopa sheria, wakisema miti ya majini ni ya serikali. Ni kweli kuwa mikoko ya pwani yetu ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, na tangazo likarudiwa mwaka 1964, na hata leo haikatwi bila ya ruhusa. Lakini mwembe si mkoko, na hata mtoto wa chuoni ajua kuitenga miti hiyo miwili.

Mwezi wa tano, kabla ya alfajiri, mvuvi mmoja mtu mzima alirudi na mtumbwi wake wakati wa nusu maji. Mtumbwi ulipasuka toka omo hadi katikati. Nyavu zilikwenda na maji, naye akavunjika bega. Mpaka leo mkono ule hauinuki kupita kifua.

Mwenye shamba si mtu mwovu. Alikwenda kumzuru mgonjwa, akampelekea chakula. Lakini alipotajiwa malipo alijibu kwa kitabu, na jibu lake lataka kuheshimiwa, kwani hakulizua. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, sawa na 1277, asema katika Minhaj kuwa mwenye kujenga ukuta ulioelemea njiani ana dhima ya udhara wake. Ama aliyeujenga wima, kisha ukainama wenyewe na kuanguka, hana dhima. Hata mtu akijikwaa kwa kifusi chake njiani, kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa hakuna dhima. Mwenye shamba akaupima mwembe kwa ukuta: babu yangu aliupanda wima.

Tulipofungua kitabu tuliona kuwa amenukuu sawa, ila ameiruka kauli ya pili iliyotajwa papo hapo, nayo ni dhaifu zaidi, isemayo kuwa kama aliweza kuubomoa au kuutengeneza asifanye, atalipa. Sisi si mamufti, wala hatutaipa nguvu kauli dhaifu kwa sababu tumemhurumia mvuvi. Neno letu ni jingine. Mafakihi pale wanazungumza juu ya mali: nani atoe mfukoni mwake, na nani asitozwe kwa nguvu mbele ya kadhi. Hawakusema kuwa mtu huyo ameruhusiwa kukaa barazani akiutazama udhia njiani. Kutolazimishwa kulipa ni jambo moja, na kutokuwa na wajibu ni jambo la pili, na maradhi yetu makubwa ni kulichukua la kwanza tukalifanya la pili. Tumeifanya fikihi kuwa ukuta wa kujificha.

Ama hoja ya kudra, mwenye kuitoa haitumii nyumbani kwake. Paa lake likivuja, ambalo pia ni kwa kudra, fundi huitwa siku ile ile. Yule aliyeuangusha mti ndiye aliyetupa mikono na mashoka.

Na asiseme mtu kuwa mafundisho ya kuondoa udhia ni ya barabarani, si ya majini. Kwa watu wa pwani, bahari ilikuwa njia kabla ya kuwa kitu kingine. Imamu Muslim amepokea hadithi ya mtu aliyepata Pepo kwa ajili ya mti aliouondoa njiani, uliokuwa ukiwaudhi watu. Hatukuambiwa mti ule ulikuwa wa nani. Na Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505, sawa na 1111, ahesabu katika Ihya munkari za njiani, na miongoni mwake ni kupanda miti na kujenga mabaraza yanayowabania watu mapito. (Wenye mabaraza yaliyotoka mpaka katikati ya mtaa nao wausome mlango huo.)

Basi ni fardhi kifaya, kama maiti. Maiti akiwa mjini hatukai kuuliza mrithi yuko wapi. Atakayemzika amezika, na asipozikwa dhambi ni ya wote wajuao na waliojiweza. Mwenye shamba alikuwa wa kwanza, kwa kuwa ndiye aliye karibu na mti na aliyeonywa. Baada yake ni wenye mashua za mashine, ambao waliweza kuuvuta. Baada yao ni kila aliyepita.

Lakini liko kundi moja ambalo hakuna aliyelitaja darasani mpaka mwisho, nalo ndilo lililonikosesha usingizi. Mti ulipokuwa na majani ulijitangaza wenyewe. Waliokata matawi waliigeuza hatari iliyo wazi kuwa hatari ya siri. Mwenye shamba hakutenda kitu. Hawa walitenda, kwa mikono yao, na kwa manufaa yao. Kwa fikira yangu, ikiwa yuko anayedaiwa bega la mvuvi, watakuwa hawa kabla ya mwenye mti. Nami nayaandika haya hali kuni zilizopika biriani ya Idi Kubwa nyumbani kwangu zilikuwa za mwembe ule. Nilizinunua kwa kijana aliyezikata, nikamsifu kwa bei yake nafuu, wala sikuuliza shina limebaki vipi. Nilikuwa nikilijua shina. Nimelipita mara nyingi.

Baada ya ajali, mti uliondolewa kwa kazi ya asubuhi moja. Vijana wanane walingoja bamvua, maji yalipopwa sana wakaikata mizizi kwa msumeno, wakafunga mapipa sita matupu ya lita 200 kando ya shina. Pipa kama hilo hubeba takriban kilo 180. Maji ya bamvua pwani kwetu hupanda kiasi cha mita 3 na zaidi, basi hawakuhitaji kuvuta: walikaa ukingoni wakinywa chai mpaka bahari yenyewe ikaunyanyua mti toka matopeni, kisha mashua moja ikauburura hadi mchangani. Gharama yake ilikuwa kamba, mafuta ya mashua, na chai. Miezi mitano tulikuwa tukiizungumza kazi ile.

Likabaki shina mchangani. Mwenye shamba, bila ya kuombwa na mtu, akasema: "Mwembe ndio mti wa mitumbwi. Shina hili nampa mzee, na fundi nitamlipa mimi." Watu wote walifurahi, na darasa yetu ikaona kuwa suala limejijibu. Fundi akaja, akaligonga shina kwa kisigino cha tezo, akasikiliza, akasogea hatua mbili akagonga tena. Kisha akalipasua mahali pamoja. Ndani lilikuwa limetobolewa na wadudu wa baharini toka mwanzo hata mwisho, kama sega la nyuki. Akauliza lilikaa majini muda gani. Tukamwambia. Akasema lau lingalitolewa mwezi wa kwanza lingalitoa mtumbwi wa watu wanne, akafunga vyombo vyake, na nauli yake hakuitaka.

Mchango wa mtumbwi mwingine umekwisha kuanzishwa, na daftari liko kwa imamu wa msikiti. Mwenye shamba ameandikwa wa kwanza. Yule kijana aliyekata kuni bado hajaonekana, nami nimeandika jina langu na kuacha mstari mtupu chini yake.