Mgeni na Kitanda cha Kulipia

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema atoe fedha kwanza. Je, mahali pa kulipia hapana ukarimu?

Swali hili lilinipata Namanga, mji wa mpakani ulio yapata kilomita 110 kaskazini ya Arusha, katika nyumba ya wageni ya bei nafuu. Nililipa, nikaandika daftarini nitokako na niendako, nikapewa chumba chenye vitanda viwili. Usiku alibisha mzee aliyekwama mpakani, na fedha zake hazikutosha. Nilimsikia akisihi, nami nikanyamaza. Nilijiambia kuwa nimelipia upweke wangu. Kijana mhudumu alimtandikia mkeka wake mwenyewe, akakesha kitini.

Siilaumu nyumba ile, kwani mwenyewe hula kwa vitanda vyake. Najilaumu mimi. Asubuhi, basi lilipoukaribia Mlima Meru, nilitambua kuwa fedha hununua kitanda, lakini hainunui ruhusa ya kumnyima mwenzio. Kijana alikuwa mtumishi wa mshahara, akawa mwenyeji. Mimi nilikuwa na kitanda kitupu, wala sikukitoa.