Tende Mbili za Ghazali

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anatuwekea mbele mtu mwenye njaa na tende mbili. Zimelingana kwa kila kitu: ukubwa, rangi, utamu, hata umbali kutoka mkononi. Anazitamani zote mbili lakini uwezo wake ni wa kuchukua moja tu. Je, atakaa hapo mpaka afe njaa kwa kukosa sababu ya kuchagua? Hapana, anasema Ghazali katika Tahafut al-Falasifa. Atachukua moja na atakula. Utashi kazi yake hasa ndiyo hiyo, kutenga kitu na mwenzake anayefanana naye. Mwenyewe alikuwa akibishana na wanafalsafa juu ya jambo kubwa zaidi, kwamba kwa nini ulimwengu uanze wakati huu na si wakati ule, lakini mimi tende zake zimenisaidia kuwaelewa watu wanaonunua amplifaya.

Nikisema amplifaya simaanishi lile dude la harusini. Nazungumzia ile ya sebuleni, ya boksi moja, ambayo ndani yake mna kila kitu kinachokaa kati ya santuri (au simu, siku hizi) na spika: swichi ya kuchagua chanzo, kitufe cha sauti, na mitambo ya kusukuma spika zenyewe. Za bei nafuu zipo tele. Kule juu kuna akina Accuphase E-800 na Luxman L-590AXII, zote za Japani, zote za mfumo uitwao daraja la A, ambamo transista hupitisha umeme muda wote hata muziki ukinyamaza. Ya kwanza ina wati 50 kwa kila upande na uzito wa kilo 36. Ya pili ina wati 30, kilo 28 na ushee. Zote mbili zinatoa joto la kumwita paka aje kulala juu yake. Na bei ya yoyote kati yake inanunua gari la mtumba linalotembea vizuri tu.

Sasa mwenye pesa anakaa mbele ya hizi mbili, anaanza kuteseka. Anasoma mapitio miezi mitatu. Anaambiwa kwamba hii ni kweli tupu na ile ina joto la moyo, hii inampa mwimbaji nafasi ya kupumua, ile inamsogeza karibu. Sisi wasomaji wa riwaya lugha hii tunaijua. Ni ndugu wa damu wa yale maneno ya nyuma ya jalada.

Mwaka 1987 jarida la Stereo Review la Marekani liliwaketisha wasikilizaji, waumini na wenye shaka pamoja, wakasikilizishwa amplifaya bila kuziona, kuanzia ya dola 220 hivi hadi zile za dola 12,000. Kiwango cha sauti kilisawazishwa kwanza, maana hapo ndipo sikio linapodanganyika: ukiongeza kidogo tu, chini ya desibeli moja, mtu hasemi sauti imepanda, anasema imekuwa safi zaidi. Matokeo hayakupishana na ya kurusha sarafu. Baadaye Richard Clark, naye Mmarekani, aliahidi dola 10,000 kwa yeyote atakayeweza kutofautisha amplifaya mbili kwa masharti ya namna hiyo. Pesa hizo hazikupata wa kuzichukua.

Tusikimbilie kucheka. Tofauti zipo. Amplifaya ndogo ikisukumwa kupita uwezo wake utaisikia ikikoroma, na baadhi ya zile za valvu za kioo hubadilisha sauti kweli kwa jinsi zinavyopatana au kutopatana na spika. Lakini hizi mbili zetu, zikipiga sebuleni kwa sauti ya kiasi, kazi ambayo mara nyingi haidai hata wati moja, mimi nazihesabu kuwa tende mbili.

Hapo mpenzi wa mashine ana jibu, wala si jibu la kipuuzi. Mwaka 2008 watafiti wa California walichapisha majaribio waliyowanywesha watu divai ileile mara mbili, mara wakiambiwa ni ya dola 10, mara ya dola 90, huku ubongo wao ukipigwa picha. Walipodhani wanakunywa ya dola 90 hawakusema tu kwamba ni tamu zaidi. Sehemu ya ubongo inayohusika na raha ilichangamka zaidi. Yaani raha ilikuwa ya kweli, ingawa sababu yake ilikuwa bei. Basi anayesikia "ubinadamu" ndani ya mashine yake anausikia kweli, na wewe inakuuma nini?

Hoja hii ilinifunga mdomo kwa muda mrefu. Aliyenifungua ni mjomba wangu.

Mjomba ni mhandisi mstaafu, anaishi Dar es Salaam. Alikwenda Dubai kumtembelea mwanawe, akazisikiliza mashine hizi mbili siku mbili tofauti, katika maduka mawili tofauti, kwa spika tofauti. Mhandisi, nakukumbusha. Akanunua Luxman kwa kiinua mgongo chake. Neno "ubinadamu" ni lake. Kusema kweli Luxman ina pia mishale miwili inayocheza ndani ya mwanga mzuri, na nimemwona anavyoitazama. Mgeni akifika, kabla hata ya chai, anawekewa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Katikati ya wimbo muziki unakatwa, na swali linakuja: "Umesikia, mjomba?"

Unajibu nini? Ni mzee wako, amekulipia ada, amesimama pale na tabasamu la mtoto. Rekodi yenyewe ni ya mono, bendi nzima imekusanywa chumba kimoja, na kisichoingia kwenye utepe siku ile hakuna mashine itakayokirudisha. Nilichosikia ni gitaa la Mbaraka, lilelile lililokuwa likitoka kwenye redio ya bibi. Ila swali halikuhusu gitaa.

Hapo ndipo mfano wa divai unapoishiwa nguvu. Mnywaji wa maabara anakunywa peke yake, hamwombi mtu amthibitishie. Raha ya sebuleni inataka mashahidi. Ikiwa imesimama juu ya dhana, kila anayeingia ni hatari kwake: mjukuu akisema mbona inalia kama ile ya zamani, anaambiwa hana masikio. Mke wa mjomba alikwisha jifunza kuitikia "naam, inasikika" bila kuinua macho kutoka kwenye ungo wa mchele. Kidogo kidogo nyumba nzima inasema uongo mdogo wa heshima, kila mmoja kwa mapenzi tu. Anayesema raha ni raha amehesabu raha ya mwenye mashine, akasahau kwamba wengine wanailipia kwa ndimi zao. Pesa zenyewe ni zake, na hilo halinisumbui.

Mimi nilimjibu, "Mbaraka nimemsikia vizuri, mjomba. Mashine sijaitofautisha." Akanyamaza kidogo, kisha akasema masikio yetu vijana yameharibiwa na simu. Chai ikaletwa.

Turudi kwenye tende. Ghazali alijibiwa katika karne hiyohiyo ya 12 na Ibn Rushd wa Cordoba. Alisema mtu yule hachagui tende hii dhidi ya ile. Anachochagua ni kula badala ya kutokula, na tende yoyote itakayotangulia mkononi inatimiza haja yake. Unaweza kulisoma jibu hili kama ujanja wa mabishano. Mimi naona ndilo lenye jicho kali. Angalia ile miezi mitatu ya mjomba. Accuphase au Luxman, Luxman au Accuphase, na swali la kuchukua au kuacha lilikuwa limeshapita bila kuulizwa. Fikra zote zilimalizikia mahali ambapo kukosea karibu hakuwezekani, na pale panapowezekana kukosea hapakupata hata jioni moja. Tunafanya hivyohivyo na kumbi mbili za harusi, na shule mbili za ada kubwa. Wauzaji wanatujua vizuri. Hakuna anayekuuliza kama unataka, wanakuuliza unataka ipi.

Na swali hilo lililorukwa ndilo lenye mambo ya kushikika. Ikiharibika, nani ataifungua, na vipuri vitatoka wapi? Ile iliyotengenezwa kwa soko la Japani inakula volti 100, kwetu ni 230, kwa hiyo ukiiokota kule ukaileta utahitaji transfoma. Joto lile Oslo ni faraja. Dar mwezi wa Februari ni adhabu, na LUKU inashuka hata nyimbo zikikoma. Halafu kuna chumba: vigae, vioo na kuta tupu huharibu sauti kuliko amplifaya yoyote ya maana, na dawa yake ni zulia na pazia zito. Uzuri wa kitu nao ni sababu halali kabisa. Aliyesema "nimeipendea mishale" nampa mkono, kwa sababu hahitaji shahidi. Mishale kila mtu anaiona.

Kabla ya safari ya Dubai mke wa mjomba aliuliza swali moja tu: "Kwani ile ya zamani ina nini?" Ile ya zamani ni NAD 3020, kiboksi cheusi-kijivu cha wati 20, aina iliyotoka mwaka 1978 na kuuzwa zaidi ya milioni moja duniani. Alijibiwa kwamba kitufe cha sauti kinakwaruza. Ni kweli, kilikuwa kinakwaruza. Mwezi uliopita aliipeleka mwenyewe kwa fundi Kariakoo, ikapuliziwa dawa na kufutwa vumbi, na sasa ipo jikoni, juu ya friji, inapiga taarab.