Mla Nawe na Mzaliwa Nawe

Jumamosi alasiri pale Bomani, mjini Tarime, moshi wa nyama choma huanza kupanda mapema. Mezani huletwa nyama iliyokatwakatwa, ugali wa moto, chumvi na pilipili, na pembeni bakuli dogo la kichuri: mchuzi wa kijani, mchungu, unaokamuliwa kutoka kwenye majani yaliyomo tumboni mwa mnyama aliyechinjwa, ukachemshwa na kutiwa chumvi. Mgeni huchovya mara ya kwanza kwa kusitasita. Wenyeji hawana haja ya kukaribishana. Kila mmoja anajua mwenzake hupenda mbavu au ini, nani pilipili haimtishi, nani atasimulia kisa kilekile cha ng'ombe waliopotea na bado wote wacheke. Wamekula pamoja tangu wakiwa vijana wa kuchunga.

Halafu simu ya mmoja wao inaita. Nyumbani, mtoto wa mwisho amesimama bila kushika kiti, akapiga hatua tatu, akaanguka. Baba anasikiliza huku uso ukimchanua. Anawatangazia wenzake, wanampongeza, na mmoja anaagiza nusu kilo nyingine kwa heshima ya mtoto. Ni furaha ya kweli, wala hakuna ubaya ndani yake. Ila hatua zile tatu zimepigwa naye hayupo, na hatua ya kwanza haina marudio.

Wahenga walikuwa na neno kuhusu meza ya namna hii: mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe.

Watu wengi hulitaja kwa uchungu, baada ya rafiki kuwaangusha. Mfanyabiashara akifilisika na wale aliokuwa akiwanunulia wakapita upande wa pili wa barabara, ndipo methali hutolewa. Ikitumiwa hivyo inageuka kuwa hukumu dhidi ya marafiki wote, kana kwamba wahenga walisema usile na mtu. Hawakusema hivyo. Maneno yao yanastahili kutazamwa moja moja.

Tuanze na kula. Katika Kiswahili, kula si kutafuna tu. Mtu hula kiapo, hula mali, na aliyeishi miaka mingi husemwa amekula chumvi nyingi. Kwa hiyo mla nawe ni kila mnayeshirikiana naye katika neema: wa mezani, wa biashara, wa safari. Kufa nako hakuishii kaburini. Mtu hufa moyo, biashara hufa, jina la mtu hufa akiwa bado anatembea. Hafi nawe maana yake hazami nawe katika shimo lako. Kisha linakuja neno zito kuliko yote, mzaliwa nawe. Methali ingeweza kusema ndugu yako, au jamaa yako. Imechagua tendo la kuzaliwa, tena pamoja na wewe. Kipimo chake ni kutoka mahali pamoja kwa maumivu ya aina moja.

Sheria za nchi, bila shaka bila kukusudia, zimeandikwa kwa mkono uleule. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 4 za likizo yenye malipo akifiwa na mtoto, mwenzi wa ndoa, mzazi, babu au bibi, mjukuu, au ndugu wa kuzaliwa naye. Rafiki hayumo. Mwalimu wa Tarime aliyesoma, akalala bweni moja na akala sufuria moja na mwenzake kwa miaka yote ya sekondari, siku ya kumzika huyo mwenzake itabidi aombe ruhusa kwa hisani ya mkuu wake. Sheria hiyohiyo inampa baba siku 3 za malipo mtoto wake anapozaliwa, na sharti ni azitumie ndani ya siku 7 tangu kuzaliwa huko. Siku tatu ni chache, na baba yeyote atasema hivyo. Lakini zinaonyesha jambo: hata dola imekiri kwamba baba ana mahali pa kuwapo, na kwamba kuwapo huko kuna muda wake, ukipita umepita.

Hapo ndipo Wakurya wa Tarime wanapoleta hesabu yao, nayo inaipanua methali kuliko kamusi inavyoweza.

Mkurya kwa desturi huhesabiwa mara mbili. Hesabu ya kwanza ni ya irikora, rika la kizazi. Vizazi hivyo viko katika mikondo miwili: Saai, Nyambureti, Gamunyere na Maina upande mmoja, Chuuma, Mairabe, Gini na Nyangi upande wa pili. Mtoto huingia katika rika linalofuata la baba yake ndani ya mkondo wake. Baba akiwa Saai, mwanawe ni Nyambureti, mjukuu Gamunyere, kitukuu Maina, na anayefuata anarudi kuwa Saai. Hakuna anayechagua, wala hakuna anayenunua. Hilo ni la kuzaliwa.

Hesabu ya pili ni ya esaaro, yaani wote waliotahiriwa katika msimu mmoja. Vijana wa irikora tofauti, wa baba matajiri na wa baba maskini, husimama mbele ya kisu asubuhi zilezile, na tangu siku hiyo kila mmoja ni mwenzi wa wengine kwa maisha yote. Watataniana bila mipaka. Watachangiana mahari. Na kwa mila, binti wa mwenzako wa esaaro ni binti yako pia, hivyo huwezi kumposa hata akikua na wewe ukawa mgane. Mwanaanthropolojia Malcolm Ruel, aliyefanya utafiti kwa Wakurya katika miaka ya 1950, aliandika kwa kirefu juu ya mpangilio huu wa vizazi na rika.

Tazama basi methali inavyobadilika ikifika hapa. Damu ile ya asubuhi ya jando ni kuzaliwa kwa mara ya pili. Mtoto anaingia, mwanamume anatoka. Waliotoka pamoja si wala nawe tu. Ni wazaliwa nawe, ingawa kila mmoja ana mama yake. Ndiyo maana mzee wa Tarime akimwita mwenzake wa esaaro ndugu, hatii chumvi. Kwa mantiki ya kwao, methali haimwachi rafiki huyo nje ya mlango. Inamuuliza tu: ulizaliwa lini pamoja na mwenzako, na kwa maumivu gani?

Mkoa huu wa Mara una jibu jingine, la jeshini. Jenerali David Musuguri, mzaliwa wa Butiama mwaka 1920, alianza uaskari katika King's African Rifles wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akaongoza Divisheni ya 20 katika vita dhidi ya Idi Amin, na akawa Mkuu wa Majeshi tangu mwaka 1980 hadi 1988. Alifariki Oktoba 2024 akiwa na umri wa miaka 104. Wanaume wengi wa mkoa huu walipita jeshini, na kwa waliokwenda Uganda mwaka 1979 methali ile inasikika tofauti kabisa. Wao walikula na watu waliokufa nao, kwa maana ya kufa bila mafumbo. Handaki liliwazaa pamoja.

Lakini hakuna haja ya kisu wala bunduki ili urafiki ufikie hapo. Mfano ulio karibu zaidi na baba wa kawaida ni wa Mwalimu Nyerere, ukiondoa urais wake. Mwaka 1934 aliingia Shule ya Mwisenge, Musoma, akiwa mtoto wa chifu Mzanaki asiyejua Kiswahili vizuri. Huko akapata rafiki, Mang'ombe Marwa, wakawa wakienda pamoja kwenye mafundisho ya dini katika misheni ya Nyegina. Mwaka 1953 alimwoa Maria, wakajaliwa watoto 8. Alipostaafu urais mwaka 1985 alirudi Butiama kulima, na wageni waliofika kwake walizoea kumkuta kwenye bao. Mashimo 32, kete 64, na wazee wa kijiji wasiompunguzia ushindani kwa sababu alikuwa rais. Bao halichezwi na mtu mmoja. Linataka mwenzako aketi mbele yako, akuone ukikosea, akucheke, na kesho arudi. Alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999, viongozi wa dunia waliokula naye karamuni walikuja kumuaga Dar es Salaam. Mwili ukapelekwa Butiama, ukazikwa Mwitongo, nyumbani kwa wazazi wake. Kwa watu aliozaliwa nao.

Mpaka hapa mtu angeweza kusema ubishi umekwisha: rafiki wa kweli ni ndugu, mle pamoja kwa amani. Haujakwisha, kwa kuwa kuna mtu ambaye methali haikumtaja kabisa. Imemtaja mla nawe na mzaliwa nawe. Haikumtaja mzaliwa wako.

Mtoto wa baba huyu hakula naye ujanani, wala hakuzaliwa naye. Alizaliwa kwake. Hana kisa cha ng'ombe waliopotea cha kumchekesha, hana deni la mahari la kumkumbusha. Hawezi hata kumlaumu, kwa sababu hajui bado kwamba baba wa wengine walikuwepo. Methali ilitungwa kwa macho ya mtu mzima anayewapima watu wazima wenzake. Baba akiitumia peke yake kama dira, atajikuta amewatendea haki ndugu zake wote na wenzake wote wa esaaro, na nyumbani pana mtu mdogo aliyejifunza kusoma jina lake bila yeye kujua.

Na ziko siku ambapo pengo hilo si la huzuni ndogo tu. Disemba ikikaribia, Tarime na Serengeti huingia katika msimu ambao wavulana hutahiriwa na baadhi ya koo bado hukeketa wasichana. Kanuni ya Adhabu, kwa marekebisho ya mwaka 1998, imeufanya ukeketaji kuwa kosa la kifungo kisichopungua miaka 5 na kisichozidi 15 likitendwa kwa binti aliye chini ya miaka 18. Kila msimu wapo wasichana wanaokimbilia kituo cha Masanga wilayani Tarime, au nyumba salama ya Mugumu, Serengeti. Wengine wanakimbia baba zao wenyewe. Ukiwauliza baba hao sababu, mara nyingi hutaambiwa wanamchukia binti. Utaambiwa juu ya wenzao: watasemaje, nani atakuja kunywa pombe ya amarwa kwangu, nani ataketi nami, nani atamwoa kwa ng'ombe wengi.

Hiyo ndiyo meza ikimshinda baba. Mla nawe anapewa kura juu ya mwili wa mzaliwa wako. Wenzake hawatatokwa na damu pamoja na msichana huyo, hawatakuwa naye leba miaka kumi baadaye akijifungua kwa taabu. Methali ilishaonya: hawafi naye. Na desturi ya esaaro yenyewe, ikishikwa kwa ukamilifu wake, ingewafunga midomo, maana inasema binti huyo ni wao wote. Mwenzako wa kweli wa esaaro, akisikia unataka kumkatalia ngariba, anapaswa kusimama mlangoni upande wako. Wapo wanaofanya hivyo. Heshima yao haisemwi vya kutosha.

Siku nyingi, kwa shukrani, hazina uzito huo. Ni jino la kwanza kung'oka na kutupwa juu ya paa. Ni Januari, sare mpya imepwaya mabegani, darasa la kwanza. Ni mtoto kurudi na daftari lenye vema tano na kulificha mgongoni akingoja aulizwe. Januari 2016 ada iliondolewa mpaka kidato cha nne katika shule za serikali, hivyo baba wengi wameona kazi yao shuleni imekwisha, na vikao vya wazazi vimebaki vya akina mama. Ndivyo siku za mtoto zinavyopita, moja moja, kila moja ikionekana ndogo mno kumtoa mtu mezani.

Dawa haihitaji kuvunja urafiki. Wazee wa zamani hawakutenganisha mambo haya kama yanavyotenganishwa leo. Jando, ndoa, kuzaliwa kwa mjukuu: kila hatua ya nyumba ya mtu iliwaita wenzake wa rika nyumbani kwake, na chungu cha amarwa kikawekwa katikati ya ua, watoto wakizunguka. Urafiki uliishi ndani ya ukoo. Meza ya kulipia, iliyo mbali na watoto, ndiyo ngeni hapa Bomani.

Baba mwenye binti wa darasa la saba mwaka huu, mahafali yanakuja, na shule itataka wazazi wafike saa mbili asubuhi. Waambie wenzako wa esaaro mapema. Nyama ichomwe siku hiyo nyumbani kwako, kichuri kiwepo, na binti mwenyewe aketi karibu na baba zake.